Kontena la Kaka Kuvuka Mtaro

Siku ile kontena halikufunguliwa. Muuza nyama ndiye aliyekuja nyumbani kuuliza. Alikuwa ameibeba mizani yake begani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, akasimama mlangoni akasema, "Hodi! Fundi kachelewa leo, au mimi ndiye niliyewahi?"

Wifi yangu alikuwa ameketi sakafuni chumbani kwao, ameshika kiatu kimoja cha kaka, kile ambacho hakikuwahi kuvaliwa asubuhi ile. Kaka aliinama kuvaa viatu aende kazini, akaanguka kwa mbele, na mpaka daktari anafika alikuwa ameshatutoka. Ikabidi nitoke mimi nikamwambie mteja. Muuza nyama alishusha mizani yake chini polepole sana, kama anayeogopa kuamsha mtu, akakaa kizingitini akalia kwa sauti. Nadhani yeye ndiye wa kwanza kumlilia kaka. Sisi wa ndani tulikuwa bado tunasubiri aamke.

Kaka alikuwa fundi mizani. Alitengeneza za kuning'iniza, za sahani mbili, na zile za jukwaa za kupimia magunia. Kazi yake aliifanyia ndani ya kontena, lile fupi la nusu, ambalo alilinunua likiwa limeliwa na kutu kabla hajaoa. Alilikwangua, akalipaka rangi ya kijani, akaliweka kwenye kiwanja cha watu pale juu, kando ya barabara. Asubuhi alifungua milango yote miwili na kukaa kwenye kigoda palipoingia mwanga. Nyuma kabisa, ukutani, alikuwa na rafu za chuma, na kwenye rafu hizo aliyapanga mawe ya mizani, vile vipande vya chuma vya kupimia, kutoka kidogo kinachotosha kwenye kiganja hadi kile ambacho alikiinua kwa mikono miwili huku amekunja magoti. Duka lolote la zamani likifungwa, kaka alikwenda kuyanunua mawe yake. Hakuweza kuvumilia kuona jiwe zima linauzwa kama chuma chakavu. Kila jiwe lilikuwa na mahali pake, na kila mahali palichorwa duara kwa rangi nyeupe. Ukiligusa moja tu, alijua.

"Nani kashika jiwe langu?" angeuliza, bila hata kugeuka.

"Upepo," angejibu Pancha, rafiki yake, ambaye ndiye aliyekuwa amelishika.

Baada ya mazishi nililifunga kontena mimi. Ufunguo niliutia kwenye kopo la vifungo, karibu na cherehani yangu. Mimi nashona sare za shule, naishi chumba cha nyuma katika nyumba ile ile ya kaka na wifi. Hakuna aliyeniomba ufunguo, wala sikumwambia mtu ulipo, ingawa wifi huchukua vifungo kwenye kopo lile karibu kila wiki.

Mwenye kiwanja alikuja akiwa ameshika kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa pole, akakaa, akanywa maji, akatupa pole tena, hata tukajua kuna jambo. Alikuwa anaanza kujenga. Mashine ya kuchimba msingi ingefika mwisho wa mwezi, na mashine, alisema, haichagui.

"Nitawaambia waliweke pembeni," alisema, "lakini wanangu, nawajua wale vijana wa mashine. Pembeni kwao ni popote."

Alipoondoka, wifi aliendelea kukamua shuka. Yeye ni dobi. Anafua na kupiga pasi nguo za watu. Kwa miaka yote alipigia pasi chumbani, mezani, hatua chache kutoka jikoni, na wateja wengine walianza kulalamika kwamba mashati yanarudi yananuka moshi wa kitunguu. Kaka alipokuwa hai hilo lilikuwa jambo la kuchekwa. Sasa ndiyo riziki yenyewe, na watoto wawili wako shule.

"Wifi," aliniambia, "lile kontena nikilipata hapa mbele ya nyumba, nitatundika nguo ndani, nitaweka meza, nitapokea watu kama watu. Nikilikosa sijui nitashika wapi."

"Utalipata," nilisema.

Nilikwenda kuuliza bei ya gari la winchi. Yule bwana aliniangalia viatu kwanza, kisha akataja bei. Nilirudi nikamsimulia seremala, ambaye karakana yake iko katikati ya kiwanja na nyumba yetu.

"Kwa bei hiyo," seremala alisema, "walilete angani, tena waimbe njia nzima."

Wifi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, akajishika mdomo haraka kama aliyeiba.

Pancha ndiye aliyesema tutalisukuma kwa mikono. Anaziba matairi pale kona, mtu mfupi mwenye mikono minene, na jina la kwao hata mimi nililisikia kwanza hospitalini.

"Tulisukume? Kontena?" nilimuuliza.

"Dada, lori likija na tairi bovu, unadhani nalinyanyua kwa maombi?" Akachuchumaa akachora ardhini kwa kijiti. "Unainua upande huu kwa jeki, unatia mbao, juu ya mbao unatia mabomba. Unahamia upande wa pili, vilevile. Baada ya hapo ni kusukuma tu. Bomba likitokea nyuma, unalikimbiza mbele. Watu wazima sita, asubuhi moja."

"Na mtaro wa pale mteremkoni?"

"Mtaro tunautandikia mbao za huyu bwana mwenye maneno mengi."

"Mbao zangu zirudi zikiwa hai," seremala alisema.

Kisha Pancha akafuta mchoro kwa kiganja, na bila kuniangalia akauliza, "Na vya ndani, dada?"

Wifi alikuwa karibu, ameinamia beseni. Niliona mgongo wake ukitulia. Nikaona, au nilidhani nimeona, kwamba hawezi kustahimili kuona milango ile inafunguliwa. Tukifungua, kila kitu kingetoka nje na kulazwa barabarani, kigoda, aproni, zile mizani ambazo wenyewe hawajazifuata, na wapita njia wangesimama kuuliza bei. Na yale mawe, yakishatoka kwenye maduara yake, nani angejua kuyarudisha? Nilitaka yafike kama alivyoyaacha. Basi nikasema, "Viko tu. Ni vitu vyake."

"Haya," alisema Pancha.

Hakuuliza tena.

Tulianza Jumamosi asubuhi, jua bado halijawa kali. Fundi bomba alituazima mabomba ya chuma, Pancha alileta jeki zake na mtaimbo, na seremala aliwaleta vijana wawili wa mkokoteni wanaombebea mbao. Wa kwanza alikuwa mrefu, haongei. Wa pili hakunyamaza. Wifi alifunga kanga kiunoni. Mimi niliutia ufunguo kwenye uzi nikauvaa shingoni, sijui kwa nini, maana sikuwa na nia ya kuutumia.

Upande wa milango ulipanda vizuri. Pancha alipiga jeki, chuma kikalia, majani makavu yaliyokuwa yamelala chini ya kontena yakaona mwanga, na mijusi ikakimbia. Wifi na mimi tukasukumia mbao. Kisha Pancha akahamia nyuma. Huko jeki ilikataa. Ilipanda kidogo, ikatetemeka, ikazama ardhini. Akaitoa, akatia ubao chini yake, akaanza upya. Jasho lilimtoka hata kwenye masikio. Akasimama, akaifuta jeki kwa shati, akaliangalia kontena, akaniangalia mimi. Alifungua mdomo.

Seremala akawahi. "Huku nyuma kuna nini jamani, mmemzika mtu?"

Alilisema kama anavyosema mambo yote, kwa kujifurahisha. Halafu akasikia alichokisema. Hata yule kijana asiyenyamaza alinyamaza. Wifi alikuwa amesimama na bomba mkononi.

"Shemeji, nisamehe," seremala alisema. "Mdomo wangu huu hauna breki."

"Hakuna neno, shemeji," wifi alijibu, akaliweka bomba chini.

Pancha akafunga mdomo wake. Baada ya hapo hakuna mtu ambaye angeweza kutaja kilichomo ndani. Akarudi kwenye jeki, akapiga, akapiga, mpaka upande wa nyuma nao ukapanda.

Ni lazima niseme kwamba kwa muda fulani tulifurahi. Kontena lilipoanza kutembea juu ya mabomba, polepole, likikwaruza kokoto, watu walitoka majumbani kutazama. Watoto wa wifi walikuwa kwa bibi yao, nilisikitika kwamba hawaoni. Lilitangulia kwa mgongo, kwa sababu milango ilitakiwa kuelekea barabarani likifika. Bomba lilitokea upande wa milango, wifi akalidaka akakimbia nalo mbele, kisha mimi, kisha yeye.

"Wewe mrefu, unasukuma au umeegemea?" seremala alipiga kelele.

Yule mrefu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Nimeegemea kwa nguvu."

Tulicheka mpaka ikabidi Pancha atie kabari chini ya mabomba tupumzike. Wifi aligawa maji kwenye kikombe cha bati. Aliliangalia paa la nyumba yetu pale chini na kuniambia, "Kaka yako angetutukana leo." Nikamwambia angetutukana kisha angesukuma. Nilikuwa na furaha iliyonitia aibu. Kontena lilikuwa linakwenda nyumbani na kila kitu chake ndani, na mimi ndiye niliyefanikisha hivyo.

Kwenye mteremko tuliizungusha kamba nene kwenye nguzo ya umeme, na yule mrefu akaushika mwisho wake, akiachia kidogo kidogo ili kontena lisitukimbie. Mtaro uko pale chini, hauna kina kirefu, ila mdomo wake ni mpana. Seremala alitandika mbao nene, akaongeza safu nyingine juu yake. Pancha akapanda juu, akarukaruka.

"Zinanibeba mimi," alisema.

"Wewe na kontena mna tofauti gani?" akauliza kijana asiyenyamaza.

Mgongo wa kontena uliingia juu ya mbao. Upande mzito ulitangulia, ndio wenye rafu. Pancha alikuwa mbele, ameinama, anaelekeza bomba kwa mguu ili lisiende mshazari, kama alivyokuwa amefanya njia nzima. Nilisikia ubao mmoja unalia. Sikusema kitu. Nilifikiri mbao hulia. Kisha ukakatika.

Kona ya kontena ilishuka mtaroni. Kamba ilikaza, ikashika, na yule mrefu akaburutwa hadi kwenye nguzo lakini hakuiachia. Na ndani ya kontena mawe yakaanza kuanguka kutoka kwenye rafu, moja baada ya jingine, halafu mengi kwa pamoja, yakijikusanya kwenye ile kona iliyokuwa imeshuka. Kila lilipogonga, kontena lilizama kidogo zaidi.

Pancha hakupiga ukelele. Alisema tu, "Mguu. Mguu wangu." Bomba lilikuwa limeubana kwenye ukingo wa mtaro, na uzito wote ulikuwa juu ya bomba.

Seremala alileta jeki, ikateleza kwenye tope. Akaiweka tena, ikateleza. Alikuwa analia na kujitukana. Pancha alikuwa amelala chali, macho yameelekea angani, uso umekuwa wa rangi ya majivu.

"Dada," aliniita. "Ufunguo. Toeni mawe."

Alisema mawe. Sikuwa nimemwambia yamo, na yeye alikuwa anajua.

Nilivuta uzi ukanikata shingo. Mikono haikupata tundu la kufuli. Wifi aliuchukua ufunguo akafungua yeye. Harufu ya kaka ikatoka, ya mafuta ya mashine na ya vumbi la chuma. Sakafu ilikuwa imeinama kama paa. Nilishuka kwa makalio, nikipita juu ya aproni yake, mpaka kwenye ile kona, nikaanza kuokota. Nilimpa wifi, wifi akampa kijana wa mkokoteni, yeye akatupa nje. Watu waliokuwa wanatazama waliingia kwenye mstari bila kuitwa. Sikuangalia jiwe lipi ni lipi. Lile kubwa tulilikumbatia mimi na wifi, tukalisukuma juu kwa magoti, na nilimsikia akisema, "Twende, wifi, twende, usiangalie."

Nje, Pancha ndiye aliyekuwa anaelekeza kazi ya kumwokoa. "Sio hapo, hapo patazama. Tia ule ubao mpana chini. Hapo. Sasa piga." Jeki ilishika. Kona ikapanda unene wa vidole. Wakamvuta. Vijana wa mkokoteni wakamlaza juu ya magunia kwenye mkokoteni na kukimbia naye hospitali, yule mrefu mbele, viganja vyake vikivuja damu ya kamba.

Wifi na mimi tuliwafuata. Nikiwa naondoka niligeuka mara moja. Mawe yalikuwa yametapakaa barabarani kama vitu vya mtu aliyefukuzwa nyumba. Mama mmoja aliyekuwa anapita alilisukuma moja kwa ncha ya kiatu, akauliza, "Haya mnauza?"

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mikono yetu ikiwa myeusi.

"Nilitaka kusema tuyatoe," wifi alisema. "Tangu siku ile Pancha alipouliza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulifunga wewe. Ufunguo ukaweka wewe. Nikajua huwezi kuona pamefunguliwa. Nikasema ngoja, ni kaka yake, wametoka tumbo moja, nisimwumize."

Nilimwambia nilinyamaza kwa ajili yake.

"Mimi nilikuwa nayataka yatoke," alisema. "Nilikuwa nataka nafasi ya meza."

Hakusema kwa ubaya. Ni kweli nilikuwa nimemfikiria yeye. Lakini nilikuwa nimejifikiria zaidi, nikambebesha yeye jina la jambo hilo. Hata sasa nikisema nilifanya kwa ajili ya wifi, ulimi unajua.

Mke wa Pancha alifika akiwa na aproni ya jikoni bado kiunoni. Anapikia shule, ni mwanamke mrefu kuliko mumewe, anajulikana kwa mdomo. Nilisimama. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa.

"Kontena lilikuwa na nini ndani?" aliuliza.

"Mawe ya mizani."

"Mlijua yamo?"

"Tulijua."

"Na yeye?"

"Na yeye alijua."

"Wote mlijua." Aliketi kwenye benchi, akavua aproni, akaikunja vizuri mapajani. "Watu wazima wote wale, wanajua, wanasukuma, wananyamaziana. Mungu wangu. Ningekuwepo mimi ningeuliza."

"Ndiyo," nilisema.

"Ningewauliza, tena kwa kelele." Kisha akalia, na wifi akamshika bega, na mimi nikabaki nimesimama kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

Pancha aliondolewa vidole viwili, na mfupa wa juu ya kisigino ukafungwa kwa vyuma. Siku tuliyoruhusiwa kumwona alikuwa amekaa kitandani, amechanwa nywele na mkewe kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalipotoka yalikuwa machache.

"Ungesema, Pancha. Ulijua."

"Nimeyakalia mawe yale miaka mingapi? Nilijua hata lile lenye ufa." Alijaribu kujigeuza, akakunja uso. "Nilikuuliza, ukasema viko tu. Ningefanyaje? Nimwambie mtu aliyefiwa fungua, toa, mwaga chini? Nikajiambia mbao ni nene."

"Ungenilazimisha."

"Halafu kaka yako anifufukie? Nani kashika jiwe langu?" Aliigiza sauti ya kaka, sawasawa kabisa, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi sikucheka. Pancha akaacha utani. "Dada, si kosa lako. Nasema mara moja tu, sitarudia."

Hilo wameniambia wote. Seremala anasema ni kosa la mbao zake. Yule kijana mrefu, viganja vikiwa vimefungwa bandeji, alisema ni kosa lake, angekaza kamba zaidi. Wifi anasema tuligawane. Mwenye kiwanja alikuja tena na kofia yake mkononi, akasema kama asingetuharakisha. Kila mtu alikuwa na kipande chake, akakishika kwa heshima, na hakuna aliyekubali kuniachia changu kizima. Lakini mimi ndiye niliyeulizwa. Kati ya watu wote wale, swali liliulizwa mara moja, likaulizwa kwangu, na jibu lilikuwa kwenye kopo la vifungo.

Kontena lenyewe lilivuka mtaro Jumapili, kesho yake ya ajali. Sikutaka kwenda, nikaenda. Lilikuwa tupu. Seremala alitandika mbao mpya, wakaja majirani ambao Jumamosi walianza kwa kutazama, na watu wale sita wa mwanzo wasingehitajika hata nusu yao. Lilitoka mtaroni, likavuka, likateremka hadi mbele ya nyumba kama sanduku la nguo linalosukumwa chini ya kitanda. Maji niliyokuwa nimebandika kwa ajili ya chai ya wasukumaji yalikuwa bado hayajachemka. Nilisimama na mfuniko wa sufuria mkononi, nikaona jinsi lilivyo jepesi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa mpaka wakaondoka.

Mawe tuliyakusanya tukayarundika barazani kwa seremala. Nilijaribu kuyapanga upya. Rafu zilikuwa zimepinda, lakini maduara meupe yalikuwa bado yanaonekana, na niliyachukua mawe moja moja nikayajaribu. Mengine yaliingia. Mengi yaliniacha na shaka, kwa sababu maduara mawili yanaweza kulingana na mawe yakatofautiana. Nilifanya hivyo kwa siku kadhaa, baada ya kushona. Jioni moja wifi alisimama mlangoni mwa kontena na rundo la mashati mkononi, akanisubiri. Nikaelewa. Nilimwita fundi wa kuchomelea akazikata rafu. Muuza nyama aliyanunua mawe aliyoyahitaji, na wauzaji wengine wakachukua yao. Yaliyobaki wifi huyatumia kukandamizia mashuka yasipeperushwe.

Meza ya pasi sasa iko pale palipokuwa na rafu. Mashati yananuka sabuni. Wateja wameongezeka, na wifi ameandika bei mlangoni kwa rangi, kwa mwandiko wake wa duara. Ile kona iliyoshuka mtaroni ilipinda na kulivuta kontena zima, kwa hiyo mlango mmoja haufungi vizuri. Usiku tunaufunga kwa waya.

Pancha alirudi kwenye kona yake akitembea kwa gongo. Anaweza kusimama, anaweza kukaa, ila hawezi kuchuchumaa, na kazi ya matairi yote ni ya kuchuchumaa. Siku ya kwanza nilipokwenda na kukaa chini mbele ya baiskeli ya mteja, alinifukuza.

"Toka hapo, dada. Unataka kunilipa kwa nati?"

"Nielekeze tu."

"Una cherehani yako."

"Cherehani ni mchana."

Mkewe, aliyekuwa amemletea chai, alisema, "Mwache afanye. Wewe elekeza. Na safari hii mkiwa na la kusema, semeni."

Basi kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nakwenda kona. Yeye anakaa kwenye kiti cha mbao alichotengenezewa na seremala, ananielekeza kwa gongo na kunitukana kwa adabu. Tairi la baiskeli naziba peke yangu. La gari dogo nalitoa, analikagua, narudisha. La lori bado siwezi.